Kidonda Kilichonyimwa Jina

Nchi ya Tasmia haimo katika ramani niliyosafiri nayo. Hata hivyo niliishi humo msimu mzima wa mavuno, nikala chakula chao na kusema lugha yao, na haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe. Sheria zao nimezieleza kama nilivyoelezwa na wenyeji. Zile ambazo sikuzielewa, nao walikiri kwamba hawazielewi.

Watasmia ni watu wasafi na wapole. Mgeni hapewi nyumba ya wageni bali hukabidhiwa kwa familia, na mimi nilikabidhiwa kwa Bi Sikudhani Malunde, mjane wa makamo aliyekuwa mfinyanzi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito na mikono iliyopauka kwa udongo. Alinionyesha kitanda, akanionyesha maji, kisha akaniambia kwamba nyumbani kwake mtu husema analolifikiri, na kama desturi hiyo hainipendezi, jirani yake ana chumba.

Kila mtu wa Tasmia hutoa sehemu ya kazi yake kwa Hazina. Mkulima hupeleka nafaka, mvuvi wa ziwani hupeleka samaki, Bi Sikudhani alipeleka mitungi. Nayo Hazina humtibu kila mtu anapougua. Huo ni mkataba wa kale na wanaujivunia sana. Ila babu zao waliuwekea sharti moja: Hazina haitibu kitu kisicho na jina.

Jina si lile analolitaja mgonjwa, wala si lile analolijua mganga. Jina hutolewa na Nyumba ya Majina, jumba la mawe meupe lenye ngazi pana, lililo katikati ya mji. Humo hukaa wasomi waitwao Wataja, na kazi yao ni kuupa kila ugonjwa, kila dawa na kila tendo la mganga jina lake la herufi na tarakimu. Nilitembezwa vyumbani humo siku ya kwanza, kama anavyotembezwa kila mgeni. Nilionyeshwa jina la jino linalouma upande wa kulia na jina la jino hilohilo likiuma upande wa kushoto. Nilionyeshwa jina la kung'atwa na bata, na jina jingine la mtu aliyeng'atwa na bata akarudi kutibiwa mara ya pili. Mtaja aliyenitembeza alinieleza haya kwa fahari, nami nikamshukuru.

Bi Sikudhani alikuwa na donda ndugu. Miezi kadhaa kabla ya kufika kwangu, alipokuwa akikanyaga udongo, kigae kilichojificha kilimchoma ubavuni mwa mguu wa kushoto, chini ya kidole cha mwisho. Kwa mtu mwingine jeraha hilo lingekuwa limesahaulika. Yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wenye sukari hausamehe. Jeraha lilipanuka, likachimbika, likaanza kutoa usaha. Kwa mfinyanzi wa Tasmia mguu ndio kazi, maana udongo wao mgumu haulainiki kwa mikono. Akiukosa mguu, hana udongo, na asiye na udongo huenda kukaa kwa ndugu na kula kwa kuinamisha kichwa. Bi Sikudhani aliniambia hakuumbwa na shingo ya kuinamia.

Alitibiwa katika Nyumba ya Vidonda, mahali ambapo watu huja, husafishwa, hufungwa, kisha hurudi kwao kwa miguu. Aliyemhudumia aliitwa Nuhu Kizeri, mfungaji vidonda wa Hazina, mwanamume mnene asiye na maneno mengi. Dawa yake kuu ilikuwa utando unaotengenezwa kwa ngozi ya samaki wa ziwani: huparwa magamba, huoshwa kwa dawa, hukaushwa, kisha hukatwa na kulazwa juu ya kidonda, ukakilinda na kukipa unyevu mpaka nyama mpya ianze kuota. Mara kadhaa nilimsindikiza Bi Sikudhani huko, na nikaona kwa macho yangu utando ule ukifanya kazi, polepole, kwenye miguu ya wengi.

Hapo ndipo nilipoanza kuzijua sheria zenyewe.

Mgonjwa anayelazwa ana jina la kitanda chake, na kila afanyiwacho humo huingia chini ya jina hilo. Lakini anayerudi kwao kwa miguu yake hutiliwa shaka, kwa kuwa mtu anayetembea hawezi kuwa mgonjwa sana. Kwa hiyo ni lazima kidonda chake kiwe na jina, utando uwe na jina, na tendo la kuulaza utando liwe na jina, na majina hayo matatu yapatane kama mashahidi wa kesi moja. Moja likienda kombo, yote matatu hufutwa.

Tena jina la kidonda hutolewa kwa muda. Siku moja tulipofika dirishani pa Nyumba ya Majina kuomba liendelee, Mtaja wa zamu alituambia kwamba kidonda cha Bi Sikudhani hakikupungua kiasi kilichotarajiwa, na huo ni ushahidi kwamba utando haumfai. Jina limeondolewa. Mwanamke aliyetutangulia kwenye foleni alikuwa ameondolewa la kwake kwa sababu kidonda kilipungua sana, ushahidi kwamba utando hauhitajiki tena. Nilimwuliza yule Mtaja, kwa adabu, ni kidonda cha namna gani basi kinachobaki na jina. Alinijibu, naye kwa adabu, kwamba ni kile kinachopona bila kupona. Nilimtazama nione kama anatania. Alikuwa ameshaanza kumhudumia mwingine.

Tulikwenda kwa Nuhu kumpa habari, tukamkuta anamfunga mtu mwingine. Utando hutolewa na Hazina kwa ukubwa mmoja tu, kama sinia ndogo, na kidonda cha yule mtu hakikuzidi kiganja. Nuhu alikata kipande kilichomtosha kwa mkasi safi, akakilaza, akafunga. Sehemu kubwa ilibaki mezani, safi, haijamgusa mtu. Kisha akaingia shahidi wa Hazina, akakitazama kile kilichobaki, akakiandika, na Nuhu akakichukua mpaka kwenye shimo la uani akakitia moto. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, nami nikadhani ni moshi.

Kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Ambari, mchunga mbuzi, mwenye kidonda kifundoni kilichokataliwa jina tangu msimu uliopita. Alikuwa akija kila siku, akikaa, kisha akirudi kwake. Bi Sikudhani alimtazama yule mzee, akatazama moshi uani, akamwuliza shahidi kama kile kipande kilichochomwa kina jina.

Shahidi alisema ndiyo, kinaitwa Baki, na kimeandikwa kwa usahihi.

“Basi kipande cha kuchomwa kina jina,” alisema Bi Sikudhani, “na mguu wa mzee huyu hauna.”

Shahidi alikubali kwamba ndivyo ilivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba kipande kikikatwa kwa ajili ya kidonda chenye jina, kilichobaki ni mali ya kidonda hicho, na kumfunga nacho mtu mwingine ni wizi.

Njiani Bi Sikudhani alitembea mbele yangu, akichechemea, bila kugeuka. Tulipofika nyumbani alinawa, akala, kisha akaniambia kwamba atakata rufaa, na kwamba hataki nimwonee huruma, anataka nimsindikize tu ili awepo mtu wa kusimulia.

Rufaa husikilizwa na Mtaja Mkuu mwenyewe. Wakati ule alikuwa Bwana Hamdani Sekulu, mzee mwembamba mwenye ndevu nadhifu, aliyesifika kwa kujua majina ya magonjwa yote ya mwili wa binadamu kwa moyo. Alitupokea vizuri, akaagiza niletewe kiti. Mrufani husimama. Bi Sikudhani alisimama.

Wasomi wawili walipewa nafasi ya kujadiliana. Wa kwanza alisema kidonda hiki ni cha kigae. Wa pili akamjibu kwamba kama kingekuwa cha kigae, kigae kilishatoka, na chanzo kikitoka kidonda hufunga. Hakikufunga, kwa hiyo si cha kigae, ni cha sukari. Wa kwanza akasema sukari imo katika damu, na damu imo katika mwili wote. Itakuwaje mguu upewe jina kabla ya mwili? Wakaendelea hivyo mpaka jua likahama dirishani. Kisha karani akasoma kumbukumbu za mwanzo, ikaonekana kwamba mwandishi wa siku ya kwanza aliandika mguu wa kulia. Jambo hilo liliwafurahisha wote wawili, maana lilimaliza ubishi. Kidonda cha mguu wa kulia kilikuwa kinajulikana ila hakipo, na cha mguu wa kushoto kilikuwepo ila hakijulikani.

Bi Sikudhani alisema angeweza kufungua bendeji wakaona ni mguu upi. Chumba kizima kilishtuka. Nilielezwa baadaye kwamba Mtaja haruhusiwi kuona kidonda. Akikiona atakihurumia, na huruma huharibu jina.

Bwana Hamdani alitoa hukumu kwa sauti ya upole. Kidonda hakitapewa jina. Mtu wa Hazina haruhusiwi kukifunga kisicho na jina, na akikifunga, cheo chake kitafutwa. Alimtakia Bi Sikudhani afya njema.

Tulitoka. Nilifikiri tunakwenda nyumbani, lakini katikati ya zile ngazi pana Bi Sikudhani alikaa chini. Aliweka mguu wa kushoto juu ya ngazi iliyo mbele yake, akafungua bendeji, taratibu, akaikunja vizuri pembeni. Kidonda kikawa wazi mbele ya mji mzima. Ilikuwa siku ya soko. Watu walipita, wakageuza nyuso, wakapita tena.

Nilimwuliza amekusudia nini. Alisema amekusudia kukaa.

Askari wa mlango alikuja kumwondoa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kazi. Bi Sikudhani alimwuliza anamkamata kwa kosa gani. Askari akafikiri. Haikuwa kuombaomba, kwa kuwa hakuomba kitu. Haikuwa kelele, kwa kuwa alinyamaza. Haikuwa kuziba njia, ngazi zile zingeweza kupitisha harusi mbili. Na katika Tasmia mtu hakamatwi kwa kosa lisilo na jina. Askari akaingia ndani kuuliza, na Wataja wakaanza kulijadili.

Siku iliyofuata Mzee Ambari alikuja na fimbo yake, akakaa ngazi moja chini, akafungua kifundo chake. Hakusema kwa nini, wala hakuulizwa. Akafuata mwanamke aliyeungua mkono kwa mafuta ya maandazi, kisha mwashi, kisha watu nisiowajua, kila mmoja na kidonda kilichokataliwa. Wengine walikuwa wameficha vidonda vyao kwa muda mrefu hata waume na wake zao hawakujua ukubwa wake. Nzi walikuja pia. Nilinunua matawi ya mwarobaini sokoni, nikapepea, maana sikuona jambo jingine la maana la kufanya.

Nuhu alifika adhuhuri, mchana kweupe, akiwa amevaa joho lake la Hazina na mfuko wake begani. Alipanda ngazi mbele ya askari. Akanawa, akatandika kitambaa safi, akatoa utando mmoja mzima, akaukata: kipande cha Bi Sikudhani, kipande cha Mzee Ambari, kipande cha yule mwanamke wa maandazi. Haukubaki hata ukingo wa kuchoma. Mkubwa wa Nyumba ya Vidonda alitumwa kumzuia. Akasimama juu yake, akamwuliza kama anajua anachokipoteza.

“Najua,” alisema Nuhu, bila kuinua kichwa. “Nimechoka kuchoma dawa mbele ya wagonjwa.”

Jioni hiyo cheo chake kilifutwa. Walimvua joho palepale ngazini, na kwa mujibu wa sheria yao hakuna mtumishi yeyote wa Hazina aliyeruhusiwa tena kumtaja. Asubuhi yake alirudi akiwa na fulana na kikoi, akaendelea alipoishia. Utando wa mfukoni ulipokwisha, wake wa wavuvi, ambao ndio huzitengeneza zile ngozi, walileta nyingine. Walileta moja kwa moja ngazini bila kupitia Hazina. Mmoja wao aliniambia amepara magamba miaka yote bila kujua ngozi zake zinaishia shimoni.

Lakini kidonda cha Bi Sikudhani kilikuwa kimekaa sana bila kufungwa wakati wa kesi. Siku moja Nuhu alipokisafisha alimwambia kwamba mfupa wa kidole cha mwisho umeoza, na kisipoondolewa, mguu wote utafuata. Bi Sikudhani alimwuliza kama bila kidole hicho ataweza kukanyaga udongo. Nuhu akasema ataweza, akijifunza upya. Bi Sikudhani akamwambia akikate. Kilikatwa hapohapo, nyuma ya pazia la khanga zilizoshikwa na wanawake wa sokoni, na mimi nikishika beseni. Hakupiga kelele. Aliniminya mkono, na alama za kucha zake zilikaa nami kwa muda.

Kesho yake jambo la ajabu lilitokea. Karani wa Nyumba ya Majina alishuka mbio, uso umejaa furaha, akiwa na karatasi yenye muhuri. Kukatwa kidole kulikuwa na jina. Jina hilo lilikuwepo siku zote, halina muda wala halibishaniwi, na safari hii mguu ulikuwa umeandikwa sawasawa, wa kushoto. Hazina ilikuwa tayari kulitambua tendo lile, na hata kumsamehe aliyelifanya, iwapo Bi Sikudhani angetia alama ya dole gumba na kurudi nyumbani kwake.

Bi Sikudhani aliishika ile karatasi, akaisoma yote, akamrudishia.

“Kidole kilipokuwa mguuni hamkukijua,” alimwambia. “Sasa nimekizika mwenyewe. Mwambie bwana wako hatuna maiti ya kuandikisha.”

Ndipo Bwana Hamdani Sekulu akashuka. Nadhani hakuwa ameshuka ngazi zile kwa miguu yake mchana kwa miaka mingi, maana alizitazama kama mtu anayevuka mto. Alikuja akiwa ameelekeza macho juu ya paa za soko, kama sheria inavyomtaka. Akazungumza na Bi Sikudhani kwa heshima, akamwita dada yangu, akakiri kwamba pengine kesi yake ilikuwa na mkosi. Akasema yuko tayari kukitungia kidonda chake jina jipya, lake peke yake, ambalo halitafutwa maisha yake yote. Alichokitaka ni ngazi ziwe wazi.

Nami nilitamani akubali, nakiri hivyo, maana nilikuwa nimekiona kile kidole.

“Na mzee huyu?” aliuliza Bi Sikudhani.

Bwana Hamdani alisema kila kesi ina njia yake.

“Basi kaa na jina lako, kaka yangu. Kama ni langu peke yangu, si jina, ni kitambaa cha kunifunga mdomo. Lakini umeshuka mpaka hapa, usirudi bure. Tazama.”

Sijui ni nini kilichomfanya atii. Huenda ni ile sauti nzito ya Bi Sikudhani, huenda ni uchovu. Aliteremsha macho kutoka kwenye paa za soko, akautazama ule mguu, kisha kifundo cha Mzee Ambari, kisha mkono ulioungua, na safu nzima ya ngazi mpaka chini. Alitazama kwa muda mrefu. Mtu huyo alijua majina yote ya vidonda kwa moyo, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kukutana na hata kimoja.

“Kinanuka,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Kinanuka tangu masika,” alijibu Bi Sikudhani. “Kwenye karatasi zenu ndiko kisikonuka.”

Bwana Hamdani alipanda akarudi ndani. Wengine walitarajia sheria ingebadilika siku ileile. Haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mlango mkubwa wa mbele ulifungwa kwa sababu ya harufu, na Wataja wakaanza kuingilia mlango wa uani. Nyumba ya Majina ikaupa mji mgongo. Huko ndani, nilisikia, walikuwa bado wanalitafuta jina la kosa linalofanyika ngazini: kundi moja likisema ni kukaa, kundi jingine likisema ni kuponya bila idhini, na ripoti ikisubiriwa.

Nje, kazi iliendelea. Bi Sikudhani alitangaza kwamba mitungi yake haitakwenda tena Hazina, itakuja ngazini, kuwekewa maji ya kunawia. Wafinyanzi wengine wakafuata, kisha wakulima wawili watatu, kisha wengi. Yule askari wa mlango, ambaye hakuwa na mlango tena wa kulinda, alikuwa akisimamia foleni. Kifundo cha Mzee Ambari kilifunga kabisa, akarudi kwa mbuzi wake, na alipokuja tena alileta maziwa. Mguu wa Bi Sikudhani ulifunga mwisho wa mavuno. Alijifunza kukanyaga kwa kisigino, akiyumba kidogo, akitukana udongo kwa maneno ambayo sitayaandika.

Asubuhi niliyoondoka nilipita ngazini kumuaga Bi Sikudhani. Alikuwa akimimina maji mikononi mwa Nuhu. Familia moja ilikuwa imefika kutoka mbali, vumbi mpaka kwenye nyusi, wamembeba mama yao kwa machela ya matete. Binti mkubwa alisogea kwa woga, akaeleza kwamba kwao wamesikia kuna mahali mjini vidonda hufungwa bila kuulizwa, wamezunguka tangu alfajiri, na kila wanayemwuliza hawezi kuwatajia panaitwaje. Akauliza kama ndipo hapa, na panaitwaje, ili wakirudi wawaambie wengine.

Bi Sikudhani aliweka mtungi chini.

“Hapaitwi kitu,” alisema. “Mlaze mama hapo kivulini, mnyooshe mguu.”